Kijana Mwenye Mshipa

Sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekwisha kusimama, na hata leo, mzee mwenye mvi, nikiketishwa kitini kwa muda naanza kutafuta kisingizio cha kwenda kutazama kitu uani. Ugonjwa huo ndio ulionipeleka mlimani, na ndio ulioniponza.

Nilikuwa kijana wa Changamwe, msaidizi wa fundi katika karakana ya reli, miaka ile vita vimekwisha lakini sukari bado ya kupanga foleni. Mwenzangu wa kazi alikuwa Mtaita. Kila saa ya chakula alinichokoza: ati sisi watu wa pwani tumelelewa kwa nazi na nchi tambarare, miguu yetu ni ya kuendea harusini tu. Ningecheka, yangekwisha. Sikuweza. Tulipopata likizo fupi nikapanda naye treni hadi Voi, na alfajiri ya pili nikamfuata mbio kuupanda mlima wa kwao, njia ya mawe inayopita katikati ya migomba, wanawake wenye mizigo ya kuni wakitupisha na kutucheka. Nilifika juu nyuma yake, roho mkononi, lakini nilifika. Kisha, kwa majivuno, nikashuka mbio vilevile. Kupanda hakukuniumiza. Kushuka ndiko kulikonimaliza.

Nilirudi nyumbani usiku nikijisifu. Asubuhi nikajaribu kutoka kitandani, mapaja yakakataa. Hayakuvunjika, hayakuvimba, yalikuwa tu yamegeuka kuwa ya mtu mwingine, mtu asiyenipenda. Kuchuchumaa chooni kukawa shughuli ya kushika ukuta na kumwomba Mungu. Nilitembea nimetanua miguu, magoti hayakunjiki, wala sikujua nafanana na nani.

Na siku hiyo ndiyo walikuwa wanakuja wazee wa mchumba wangu kutoka Mtongwe.

Nilimpenda msichana yule mpaka nikawa sisikii mahubiri, maana aliketi upande wa pili wa kanisa. Posa yangu ilikuwa imepokelewa, ila kwa sharti moja: shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, aje kwetu amwone mvulana mwenyewe na nyumba anayotoka. Neno la shangazi ndilo lingekuwa la mwisho.

Mama, aliyekuwa mjane na mimi mwanawe wa pekee, alinikanda tangu jua lilipochomoza, kwanza kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha kwa mafuta ya nazi.

"Tulia," alisema. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Mama, kuinama ndiko siwezi."

Hakucheka. Akanikataza kabisa kutaja mlima. Mwanamume mzima anayetaka kuoa, apande mlima mbio bila kufukuzwa wala kutumwa, watu watamwonaje? Kila aliponilaza niliamka. Nikazunguka uani nikishika ukuta, nikidhani nikitembea sana mapaja yatachoka kuuma. Hayakuchoka.

Shangazi akaja na mumewe. Nikawaamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," macho yakiwa yamekwisha kushuka miguuni mwangu. Nilipotaka kuketi nikaanguka kitini kama gunia la mahindi. Kukaa nako kukanishinda. Nikajisogeza huku, nikajisogeza kule, nikasimama, nikaenda hadi mlangoni na miguu yangu iliyotanuka, nikarudi.

"Kijana ana nini?" akauliza shangazi kwa upole.

"Ah, ni mshipa tu," akasema mama akimmiminia chai. "Umemkaza tangu asubuhi. Namkanda."

Maskini mama, alikusudia mishipa ya mapaja. Lakini kwetu pwani mshipa ukitajwa hivyo, kwa mwanamume anayetembea vile, hakuna anayefikiria mapaja. Watu hufikiria busha, uvimbe ule wa sehemu za siri za wanaume, na shangazi gani atamwoza bintiye kwa mtu aliyemwona nao kwa macho yake? Mume wa shangazi akakohoa. Shangazi akakiweka kikombe chini kimejaa. Nilielewa palepale, uso ukaniwaka moto. Ila kijana anayeposa hasemi mbele ya wazee mpaka aulizwe, na jambo lile hakuna ambaye angeniuliza.

Wakaaga mapema, ati maji yanakupwa na mwenye mtumbwi wa kuvukia hatawangoja. "Tutaleta habari," akasema shangazi.

Nikawatazama wakiteremka kuelekea pwani ya Kipevu. Nilijua hakuna habari itakayoletwa. Wangenyamaza tu, na baada ya miezi ningesikia kanisani jina la mchumba wangu likitangazwa pamoja na la mwanamume mwingine.

"Haya, sasa tulia," akasema mama nyuma yangu. "Wameridhika wale."

Nikatoka mbio.

Sijawahi kuumia vile. Ulikuwa mteremko tena, na kila hatua mapaja yalitaka kunilaza chini. Nililia, sioni haya kusema. Nikawafikia, nikataka kusimama, miguu ikakataa, nikawapita. Nilisimamishwa na mnazi ulioko karibu na maji, nikaukumbatia.

Shangazi akanifikia, mumewe nyuma yake. Nikasema kabla sijaulizwa.

"Nilipanda mlima, shangazi. Huko Taita, kwa rafiki yangu. Nikapanda mbio na kushuka mbio. Ni mapaja tu, hakuna kingine."

"Ulitumwa?"

"Sikutumwa."

"Ulifukuzwa?"

"Hapana, shangazi."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni bila haraka, kisha akamgeukia mumewe.

"Mwenye mshipa hakimbii hivi."

"Hakimbii," mumewe akakubali.

"Basi huku chini ni mzima," akasema shangazi, akikaza leso yake. "Kinachougua ni kichwa. Na juu ya kichwa hicho binti yetu alikwisha kunionya. Akanisihi nisikikatae."

Nikabaki nimeukumbatia mnazi. Shangazi alikuwa amekwisha kuanza kuupanda mteremko.

"Njoo," akaniita. "Chai yangu inapoa. Na safari hii tembea."