Kiti cha Wartini

Kiti chenyewe kilikuwa cha mtiki, kimechongwa maua mgongoni, na kilikaa mlangoni pa karakana yetu hapa Jepara, kisiwani Java, miaka minane bila kuzoeana na mwenyewe. Mwenyewe ni Wartini, karani wa mbao. Kazi yake ni kukaa hapo, kutazama kila kinachoingia na kutoka, na kukiandika. Kuandika alijua. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Kiguu na njia, yule mwanamke. Umemwacha mlangoni, ukiinua kichwa yuko kwa wachongaji anamega tempe ya mtu, soya ya kukaanga. Ukimfuata huko, ameshahamia kwa wapaka vanishi anauliza hali ya mkwe wa fulani. Shuleni, alituambia, mwalimu alimfunga kwenye dawati kwa mtandio, naye akatembea na dawati. Mimi napiga msasa, nina subira ya kula vumbi asubuhi hadi jioni, na nakiri alikuwa akinichosha.

Halafu akaja meneja mpya, Pak Togar, yaani Bwana Togar, Mbatak wa Medan, kisiwa cha Sumatra. Kwao ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, tena kwa sauti ya kuamsha jirani. Siku ya kwanza tu alikikuta kiti kitupu mara nne. Akamwambia Wartini mbele yetu sote kwamba akikikuta hivyo tena, atatafuta karani mwingine. Wartini ni mjane mwenye binti wawili shuleni, na nani mwingine angempa kazi mtu asiyetulia? Niliogopa kwa niaba yake.

Basi akakaa. Siku mbili nzima alikaa, goti likicheza, kalamu ikigonga meza, mpaka mimi mwenyewe nikakosea mara tatu mguu wa kiti kimoja.

Siku ya tatu Pak Togar alimsimamisha mzee Ngadiman hapo hapo mlangoni. Mzee ndiye mwenye tanuri la kukaushia mbao. Tulikuwa na oda ya viti mia mbili vya kwenda ng'ambo, na meneja alitaka kujua kama mbao zitakuwa zimekauka Alhamisi.

"Nggih, Pak," mzee akasema.

Nggih ni ndiyo yetu ya heshima. Mkubwa wako humwambii hapana usoni, kwa hiyo neno hilo moja hubebeshwa kila mzigo: ndiyo, sijui, haiwezekani, niache kwanza. Pak Togar aliandika ndiyo, akarudi ofisini ameridhika. Mimi pia nilisikia ndiyo. Wartini alisikia jinsi ilivyovutwa mwishoni, akaona macho ya mzee yalivyoshukia viatuni.

"Hiyo si ndiyo, Mbak Supi," akaninong'oneza; mbak ni dada.

"Si kazi yako. Kaa, mwenzangu, utafukuzwa."

Goti likaanza tena. Akasimama, akakaa, akasimama. Nilipogeuka kuchukua karatasi ya msasa, kiti kilikuwa peke yake.

Huko kwenye tanuri hakuuliza habari za mbao. Alichuchumaa akauliza mgongo wa mzee unaendeleaje, akauliza njiwa wake kama ameanza kulia, akamwonjesha sambal yake ya pilipili. Mzee mwenyewe ndiye aliyelitoa jambo, kidogo kidogo: feni moja ya tanuri imeungua, wiki ya pili sasa. Alijaribu kuitengeneza ikamshinda, akaona haya kusema. Mbao za juu zimekauka, za chini bado mbichi kabisa. Viti hivyo vingepasuka kabla hata ya kufika.

Aliporudi, Pak Togar alikuwa amesimama kando ya kiti kitupu. Wartini alimweleza yote, wima, pumzi juu.

"Nilimuuliza mwenyewe," meneja akasema. "Akaniambia ndiyo."

"Alikwambia hapana, Pak. Wewe ndiye hukumsikia."

Tuliinamisha vichwa. Nilijua yamekwisha, na nilimkasirikia, kwani nilikwisha kumwonya. Pak Togar alichukua kipimo cha unyevu akaenda zake kwenye tanuri. Saa nzima. Alirudi mikono imejaa masizi, akapiga simu oda isogezwe wiki mbili, kisha akaja mlangoni kwa Wartini.

"Sasa wewe nikufanyeje? Kuanzia kesho utaweza kukaa hapa?"

Hakuna aliyepiga msasa. Wartini alitazama viatu vyake.

"Nggiiih, Pak."

Pak Togar aliinamisha sikio, kama mtu anayegonga tikiti sokoni. 

"Nimesikia," akasema. "Basi andika huku ukitembea." Akakiinua kile kiti begani, maua na yote, akampelekea mzee Ngadiman kwenye tanuri apumzishe mgongo.