Mtandao Usiotoka Nje

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa fundi wa redio wa Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye kibanda chake kinatazamana na soko. Nilipomwambia kwamba maabara moja ya utafiti kule Nyamitanga, Mbarara, imenipa kazi ya kuunganisha kompyuta zake, aliweka chini redio aliyokuwa akiifungua, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Weye? Ile fasi ya badokta? Batakupatia ufagio, ndugu yangu."

Waliokuwa wakingoja redio zao walicheka. Mmoja akasema diploma yangu ingefaa kufungia mandazi.

Niseme wazi, kwa kuwa hakuna atakayenisemea. Katika watoto wote walioteremka Nakivale kutoka lori letu la Kivu Kusini, ni mimi peke yangu niliyekwenda Kampala, nikabeba matofali mchana na kusoma jioni kwa miaka mitatu, nikarudi na diploma ya kompyuta. Hakuna shirika lililonilipia hata kalamu. Ningeweza kubaki Kampala kama wengine. Nilirudi.

Maabara ile ilipima damu za watu, wengi wao wa kambini kwetu. Mkuu wake alikuwa daktari, mwanamke wa Mbarara asiyependa maneno mengi. Alitaka kompyuta sita zipashane habari zenyewe kwa zenyewe na zisifike kwenye intaneti kabisa, ili jina la mtu na ugonjwa wake visitoke nje ya ukuta ule. Masharti yake yalikuwa mafupi. Nikimaliza kufunga, kutakuwa na siku saba za majaribio kabla majina hayajaingizwa. Kompyuta yoyote ikifika nje, silipwi, na anaita fundi wa Kampala.

Mimi sikuwa na kitu, ila nilikuwa na watu. Fundi yule yule aliyenicheka aliniazima koleo lake la kubania vichwa vya waya. Hajji mmoja mwenye duka Mbarara mjini alinipa waya na kisanduku cha kuziunganisha, nimlipe nikishalipwa. Na mama anayeuza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni Base Camp, ambaye wiki ile zamu ya likelemba, upatu wetu, ilikuwa imemwangukia na wenzake wote walikuwa wamemkabidhi michango yao, alinipa fedha ile nipangie chumba na nile. Ilikuwa fedha ya kununulia mzigo wake. Nikishindwa, meza yake ingebaki tupu.

Nilifanya kazi ambayo hata leo naisifu. Nilipitisha waya ndani ya mabomba ya plastiki, zikanyooka kama mistari ya daftari. Nilifungua kila kompyuta nikang'oa kipande kinachopokea mtandao wa hewani. Kisha nikaandika programu yangu mwenyewe: kila dakika kompyuta ijaribu kubisha hodi nje, na ikijibiwa, iandike saa iliyojibiwa.

Siku ya saba Daktari alivuta kiti akaketi kando yangu.

"Hata sisimizi hatoki humu, Daktari," nilimwambia.

Kompyuta ya kwanza, hakuna jibu. Ya pili na ya tatu, hakuna. Nilipofungua ya nne, skrini ilijaa saa. Ilikuwa imejibiwa. Na si mara moja: kila siku, kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa nane, kwa siku zote saba.

Nilisoma mstari wa juu, nikausoma tena. Waya za chumba kile nilizijua moja moja, na hakuna hata moja iliyopita ukutani kwenda nje. Ilikuwa kama kuambiwa mbuzi uliyemfunga kwa mkono wako ameonekana mjini akinunua sukari.

"Ssebo, hii ni nini?" Daktari aliuliza.

"Kuna mtu anaingiza modemu," nilisema. Nilisema haraka, na kwa sauti kubwa. "Kuna mtu anaingia humu mchana."

Aliyekuwa na ufunguo wa pili ni askari wa getini, mzee aliyestaafu jeshi. Daktari alimwita. Sikungoja aulizwe.

"Mzee, saa ya chakula unaingia humu kufanya nini?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Mimi iko kwa geti. Saa saba daktari nakwenda, bote nakwenda kula. Wewe iko peke yako hapa. Unakula chapati kwa ile meza, na simu yako inakula umeme kwa ile kompyuta."

Alinyoosha kidole. Waya wangu wa kuchajia ulikuwa bado umening'inia kwenye kompyuta ya nne.

Kwa hofu hata sikukumbuka kwamba saa ile aliyekuwa chumbani ni mimi. Kule kwetu kuchaji simu ni kwa malipo, kwenye kibanda chenye sola, na unasubiri zamu. Mtu wa Nakivale akiona tundu lenye umeme mkono wake huenda wenyewe, wala akili haiulizwi. Siku zote saba nilichomeka simu ile bila kujiona nikichomeka. Na simu yenyewe nilikuwa nimeitegesha zamani, ili kila ikiunganishwa na kompyuta iipe intaneti, maana ndivyo nilivyowajazia watu fomu zao pale Base Camp. Ile nje niliyokuwa nikiizuia ilikuwa mfukoni mwangu.

Ningeweza kusema ni hitilafu ya programu. Daktari asingejua, na uongo ulikwisha kufika kwenye ulimi. Lakini askari alikuwa amesimama pale, mtu niliyetoka kumtuhumu bure.

"Ni mimi," nilisema. "Ni simu yangu. Mzee, nisamehe."

Daktari aliisoma tena ile orodha ya saa, nami nikaanza kuwaza basi la kurudi na uso wa yule mama sokoni.

"Programu yako imekukamata wewe," Daktari alisema. "Basi inafanya kazi. Ziba hayo matundu yote. Siku saba tena, kwa gharama yako."

Askari aliniambia, "Simu leta kwa geti. Kule iko soketi."

Nilifunika matundu kwa vifuniko vya chuma na kuvifunga kwa skrubu. Siku saba zile nilikula chapati getini, na njaa ilinijua. Siku ya mwisho Daktari alifungua kompyuta zote sita mwenyewe, bila mimi kugusa. Hakuna hata saa moja iliyoandikwa. Akatia saini.

Siku niliyolipwa nililipa wote. Hajji aliandika "amemaliza" kwenye daftari lake, akaniuliza kama najua kutengeneza kamera za dukani. Fundi alichunguza meno ya koleo lake kwenye mwanga, akasema, "Haukuliharibu," basi. Jioni nilifika sokoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya diploma na waliocheka. Yule mama alipokea fedha yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akarudi kumpimia mteja.

"Asante, mwana wangu," alisema. "Sasa sogea kidogo, unafunika ndagala."