Moshi wa Msiba

Kila asubuhi Vestina humwona jirani yake, mtunza kipimo wa Busunzu, akifuta kioo cha chombo chake kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo. Chombo hicho hupima moshi na vumbi la angani kutoka chini, ili wataalamu walinganishe na kile ambacho setilaiti inakiona kutoka juu. Mikono yake ni ya upole, lakini mdomo! Choma majani karibu uone: "Shemeji, zima! Unanichafulia hewa!" Hata mkewe alihamishiwa jiko bondeni, akawa anapanda na chungu cha maharage kichwani.

Juzi mkewe alifariki. Wanaume waliowahi msibani walikaa uani na baridi yao, hakuna aliyethubutu kuwasha moto. Mfiwa mwenyewe akatoka, akafuta kioo kama kawaida. Kisha akaleta kuni, akazipanga palepale karibu na chombo, akawasha.

"Shemeji," Vestina akamwambia polepole, "setilaiti si itauona huo moshi?"

"Iuone," akajibu, akiendelea kupuliza. "Wa jiko la mke wangu haijawahi kuuona."