Sekunde Kumi za Shoghik

Saa tatu asubuhi mjini Burbank, California, Shoghik Mardirosyan ameshika pumzi mbele ya kompyuta. Mkono mmoja una saa ya kuhesabia sekunde, mwingine pampu tupu ya dawa ya pumu. Kwenye kioo, mtoto wa katuni anafanya kama yeye.

Sekunde ya nne, mtoto anaanza kutoa pumzi. Shoghik bado ameishika, uso umeanza kuwa mwekundu.

"Umeona?" anasema akishaitoa. "Madaktari walitaka sekunde kumi. Huyu dawa yote ameitema hewani."

Shoghik, 46, ametengeneza katuni za mafunzo ya wagonjwa kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ni kuweka alama: hapa mkono uanze kuinuka, hapa ufike, hapa kifua kitulie. Programu hujaza katikati. Kila mwendo huufanya kwanza kwa mwili wake, na ofisi nzima inajua kwamba akishika pumzi hasemeshwi.

Alikuwa akimaliza video tatu kwa wiki. Tangu Machi, alama zinawekwa na wakala wa akili mnemba, programu inayofanya kazi yenyewe, video sabini kwa siku. Lamar Tibbs, wa meza ya jirani, amempa wakala huyo jina la Bwana Haraka. Shoghik amebakiziwa kubofya kitufe cha kuidhinisha, na malipo yake yameshuka kutoka dola 44 kwa saa hadi 27.

"Nimekuwa mtu wa kupiga mihuri," anasema.

Kinachomchoma zaidi ni kwamba aliyemfundisha Bwana Haraka ni yeye. Majira ya baridi yaliyopita, meneja wake, Corinne Haldane, alimwomba aandike kila anachokifanya. Ilimchukua wiki sita.

"Aliniambia, 'Sho, ni kwa faida yako, upunguziwe mzigo.' Nikaingia mkenge mzima mzima. Niliandika hadi ninavyopanga mafaili."

Katika kurasa hizo 31 aliagiza kila mwendo ulainishwe, usikatike ghafla. Hakuandika kwamba pumzi iliyoshikwa iachwe imetulia tuli, kwa sababu hakuna fundi mwenzake anayehitaji kuambiwa hilo. Wakala akalainisha kila kitu. Kifua kilichopaswa kutulia kikawa kinashuka taratibu, kizuri kutazama na hatari kwa mgonjwa.

"Kosa ni langu, silikimbii," anasema. "Lakini mashine haijawahi kuishiwa pumzi. Binti yangu Nairi amewahi, mikononi mwangu."

Jumatano alizikataa video sitini na nne. Corinne akaja mezani kwake, na Lamar alisikia yote.

"Sho, hizi zinaondoka Ijumaa."

"Haziondoki."

"Basi mwandikie wakala hiyo sentensi iliyokosekana. Moja tu, tumalizane."

"Nikishaiandika, mimi nitabaki hapa nafanya nini?"

"Hilo tutaliongea."

"Tuliliongea baridi iliyopita, Corinne."

Lamar anacheka bila furaha. "Dada Sho, mimi nilijitia natafuta chaja chini ya meza. Nilikaa huko mpaka magoti yakauma."

Gazeti hili lilipomuuliza Corinne, alisema kampuni inamthamini sana Shoghik. Alipoulizwa kama malipo yake yatarudishwa, alisema ana kikao. Inaudhi hata kuyaandika maneno hayo.

Sentensi kampuni haikuipata. Lakini watoto wagonjwa Shoghik hakuwaacha. Kwa siku mbili, yeye na Lamar wamezirekebisha video kwa mkono, sehemu ya pumzi tu, moja baada ya nyingine, huku mkate wa nyama wa Kiarmenia ukipoa kwenye karatasi yake. Leo Ijumaa imebaki moja.

"Huyu anaiba," Shoghik anasema akimnyooshea Lamar kidole. "Akishika pumzi anafika saba, anasema kumi."

"Mapafu yangu hayalipwi na kampuni, dada."

Sentensi yenyewe imeandikwa. Imo ndani ya bahasha, chini ya kikombe chake cha chai, pamoja na barua waliyotia sahihi wafanyakazi kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Wanataka malipo ya zamani yarudi, na asifukuzwe yeyote aliyemfundisha wakala kazi yake. Jumanne wanakutana na wamiliki, mtu wa chama cha wafanyakazi akiwa nao.

Na wakikataa?

"Bahasha narudi nayo nyumbani. Bwana Haraka akajifunze kupumua kwa mwingine. Mimi nitaendelea kuzikataa video zake moja moja mpaka wanitoe kwenye kiti hiki."

Anachukua pampu, anabonyeza saa. Mwandishi wa makala hii anajaribu kushika pumzi pamoja naye na kushindwa sekunde ya sita. Kwenye kioo, kifua cha mtoto waliyemrekebisha kimetulia tuli. Saba. Nane. Tisa.

Shoghik anasubiri ya kumi ndipo anaidhinisha.