RAM ya 3200 inayosoma 1600

Leo nimemwita shemeji yangu mwizi mbele ya wateja wake!

Mnanijua. Nimezunguka Dar mpaka Lilongwe, mimi siuziwi hewa.

Shemeji ni fundi kompyuta hapa Mbinga. Jana kaniwekea RAM mpya, lebo inasema kasi 3200. Leo nafungua programu ya kupima kasi, inasoma 1600.

Nusu!

Nikabeba kompyuta nzima hadi dukani. "Shemeji, nusu nyingine umemwekea nani?"

Mama mmoja aliyeleta laptop yake akaichukua, huyoo.

Shemeji akacheka kwa uchungu. "Bodaboda wa Kitura analeta kahawa mjini, akirudi anapakia mbolea. Safari moja, mizigo miwili. RAM nayo ndivyo: mpigo mmoja, data mara mbili. Programu imehesabu safari, lebo imehesabu mizigo."

Nikazidisha 1600 mara mbili kwa simu yangu, maana ya shemeji siiamini. 3200 kweli!

Nikamkimbilia yule mama mpaka stendi. "Shikamoo mama, rudi, fundi ni mwaminifu!"

Akakumbatia laptop yake. "Sasa hivi alikuwa mwizi. Mmegawana nini nyie?"

Jamani, nimjibu nini? Andikeni haraka, basi lake linakaribia kujaa.