Boksi la Umeme Chini ya Kiti cha Katibu

Jamani, niliwahi kuponea chupuchupu kufungwa kwa sababu ya mguu wa kiti!

Leo nimeona mafundi wakifunga mixa ya sauti uwanjani hapa Katesh, nikakumbuka yote.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi sauti. Siku hiyo tulikuwa tunafungua kijiji kipya chini ya mlima Hanang.

Mixa yetu haikuchukua umeme moja kwa moja kwenye jenereta. Umeme ulipitia boksi zito la pembeni, tukiliita pawa saplai.

Mgeni rasmi akashika maiki. Kimya.

Jenereta inanguruma, lakini mixa haiwaki hata taa moja.

Katibu wa kijiji akanigeukia. "Hii ni hujuma!"

Enzi zile neno hilo lilimpeleka mtu ndani. Mgambo wawili wakasogea.

Nikapiga magoti, nikaufuata waya kwa mkono hadi kwenye boksi, chini ya kiti cha katibu. Mguu wa kiti ulikuwa umeukandamiza waya na kuchomoa plagi ya boksi.

"Samahani mzee, naomba usimame kidogo."

"Nisimame kwa ajili yako wewe?"

Akagoma! Basi nikainua kiti naye akiwa juu, nikachomeka plagi.

Katibu alikuwa anamnong'oneza mgambo, na maiki ya mezani iko mbele yake. Spika zikalipuka:

"...akimaliza tu, mkamateni!"

Uwanja mzima ukasikia, mpaka wafugaji waliosimama kule mbali pamoja na ng'ombe wao.

Mgeni rasmi akamtazama. "Akamatwe yeye, na waya umeukalia wewe?"

Katibu akasimama mwenyewe.

Ninyi mngethubutu kumwinua?