Msumeno Mrefu Nyumbani kwa Mama Mkwe

Miaka kumi na minne ya ndoa yangu ilipita bila mama mkwe wangu kuzungumza nami ana kwa ana. Haikuwa chuki. Tulipendana, ila kwa heshima na kwa mbali. Akitaka nijue jambo, humwambia binti yake, hata kama nimesimama hatua tano tu kutoka kwake. "Mwambie baba watoto chai iko tayari." Mke wangu hunigeukia: "Chai iko tayari." Nami hujibu, "Mwambie mama ahsante." Mimi ni mtu wa upande wa Kakamega, yeye ni Mjaluo wa Awasi, lakini kwa hili la mkwe na mama mkwe watu wetu hawapishani sana. Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, kwa hiyo salamu na maagizo yote yalipita kwa Kiswahili, huku mke wangu akiwa njia yake.

Sasa, nyuma ya nyumba ya mama kulikuwa na mparachichi uliopandwa na marehemu baba mkwe. Mti ulikuwa umenenepa ukalalia nyumba. Upepo ukivuma, matawi yalikwaruza mabati. Parachichi zilipoiva zilianguka juu ya paa kwa kishindo, na mama, aliyefundisha darasa la tatu karibu maisha yake yote, hakupenda kelele isiyo na sababu. Mbaya zaidi, majani yaliziba mfereji wa paa na tangi la maji ya mvua halikujaa tena hata kwenye masika.

Fundi mmoja wa pale sokoni alikuja na msumeno mkubwa wa petroli akapendekeza kuukata mti wote kutoka chini. Mama alimshukuru na kumsindikiza mpaka barabarani. Mimi ningeupanda na panga, lakini matawi ya mparachichi huvunjika bila taarifa, na njia pekee nyingine ilikuwa kupitia paani. Mkwe kupanda juu ya nyumba ya mama mkwe? Afadhali mti ubaki.

Suluhisho nililipata Milimani, mtaa wa huku Kisumu tunakoishi. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi, na siku moja nilikuwa nyumbani kwa mteja wangu, mama mmoja anayependa bustani. Nilimkuta akipunguza matawi ya mti wake akiwa amesimama chini kabisa, ametulia. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu inayovutika, na kwenye ncha yake msumeno mdogo wa mnyororo, mfano wa ule wa fundi lakini wa urefu wa shubiri moja. Hakukuwa na waya wala moshi. Betri ilikuwa imechomekwa kwenye mpini. Nilimweleza habari za mparachichi wa Awasi, akacheka, akanipa msumeno wenyewe pamoja na mfuko.

"Kwenye mfuko kuna kofia ngumu, miwani, glavu na kijitabu," akasema. "Kijitabu ukisome kwanza."

"Nitasoma," nikajibu. Sikusoma. Mtu aliyefungua mashine za fotokopi kwa miaka ishirini hasomi kijitabu cha fimbo.

Jumamosi asubuhi tukafika Awasi mimi na mke wangu. Mama alitupokea akiwa kwenye kibaraza cha jikoni, akanisalimu kupitia binti yake, kisha akaomba kuona hicho kifaa. Mke wangu akampelekea mfuko. Nilipokuwa nikirefusha fimbo na kuichomeka betri, nilisikia karatasi zikifunuliwa. Mama alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Alikuwa ameketi na kile kijitabu, na penseli mkononi.

"Mwambie," akasema bila kuinua macho, "ukurasa wa nne unasema viatu."

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na sendo, vidole vyote nje.

Gumbuti pekee zilizopatikana zilikuwa za mke wangu, za manjano, anazotumia kwenye shamba la mama. Nikazivaa. Zilinibana vidole mpaka nikawa natembea kama bata. Halafu kofia. Halafu miwani. Halafu glavu. Mke wangu aliniangalia kwa muda, akaenda nyuma ya jiko kucheka.

"Mwambie pia tusiwe na kuku pale chini. Na mbuzi ahame. Na wewe mwenyewe kaa huku kwangu. Mtu yeyote asimkaribie, maana tawi haliangukii pale unapotaka."

Kuku walifukuzwa, mbuzi akafungwa upande wa choo. Mke wangu akavuta kamba ya kuanikia nguo kutoka nguzo ya jikoni mpaka kwenye ua, kuonyesha kwamba hapo ndipo mwisho. Yeye na mama walikuwa mbali kiasi kwamba walilazimika kupaza sauti.

Nikaanza. Niliuinua msumeno, nikasimama moja kwa moja chini ya tawi la kwanza, shingo imekunjwa nyuma.

"Mwambie asimame kando!"

"Simama kando!" mke wangu akaita.

"Niko sawa!" nikajibu.

"Mwambie kwenye picha mtu yuko pembeni na fimbo imelala kidogo. Yeye yuko chini kabisa. Tawi likikatika litamkuta wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa la darasa la tatu. Nikarudi nyuma hatua mbili, fimbo ikalala, nikaona sasa mikono inapumua na macho yanaliona tawi lote. Nikabonyeza swichi. Mnyororo ukalia, unga wa mbao ukamwagika mbele yangu badala ya usoni, na tawi la kwanza, jembamba, likaanguka pale ambapo nilikuwa nimesimama. Kule kibarazani niliona penseli ikiandika.

Tawi la pili lilikuwa nene kama paja. Nilikata kutoka juu kwenda chini, na kabla sijafika nusu, uzito wake ukalivuta. Likakatika kwa mlio na kuchuna ganda la mti utepe mrefu mpaka kwenye shina. Kidonda kile cheupe kiliniuma. Ulikuwa mti wa marehemu.

Sauti ya mama ilikuwa ya upole safari hii. "Mwambie asihuzunike. Ukurasa wa tisa. Kwanza anakata kidogo kutoka chini, ndipo anakata juu, mbele kidogo. Mwishoni anaondoa kisiki kilichobaki. Na kama tawi ni refu aanzie kwenye ncha, alipunguze kipande kwa kipande."

Mke wangu alianza kunirudishia yote hayo. Nikamwambia nimesikia. "Najua umesikia," akasema, "lakini lazima niseme." Akaendelea mpaka mwisho, pamoja na namba ya ukurasa.

Tawi la tatu na la nne yalikwenda vizuri sana. Chini kidogo, kisha juu, na tawi linashuka bila kuchana kitu. Nikaanza kufurahi. Mabati yalianza kuonekana, na jua likagusa sehemu ya ukuta ambayo nadhani ilikuwa haijaona jua tangu harusi yetu. Nikaanza hata kupiga mluzi ndani ya kofia ile.

Kwenye la tano mnyororo ukakwama. Kipande cha ganda kilikuwa kimejibana kati ya mnyororo na chuma chake. Nikaushusha msumeno, nikaulaza kwenye majani, mkono wa kulia bado kwenye mpini, nikainama na kunyoosha mkono wa kushoto kukichomoa kile kipande.

"ORA! TOA BETRI!"

Ora ni neno ambalo Mjaluo humwitia mkwe wake. Sikuwahi kulisikia kutoka kwake. Mkono wangu ulisimama hewani. Nikainua kichwa. Mama alikuwa amesimama, kijitabu kimeanguka chini, macho yake moja kwa moja kwenye macho yangu. Mke wangu alikuwa amefungua mdomo tayari kupeleka ujumbe ambao ulikuwa umeshafika.

Nikachomoa betri. Nikaiweka mbali, juu ya jiwe.

Nataka nieleze kilichonitisha. Kazini sijawahi hata siku moja kuingiza mkono ndani ya mashine kabla ya kung'oa plagi ukutani. Wateja hunicheka kwa hilo. Naing'oa, nauangalia waya umelala sakafuni, ndipo nagusa. Lakini hapa hapakuwa na waya. Macho yangu hayakuona kitu cha kung'oa, basi akili ikaamua kwamba mashine imelala. Kumbe ilikuwa macho kabisa, na vidole vyangu vya kulia vilikuwa juu ya swichi.

Mama akatambua alichofanya, akajifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nikatazama gumbuti zangu za manjano. Halafu mke wangu akaangua kicheko, akacheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi, na baada ya muda nikasikia kicheko kingine, chembamba, kinachojizuia. Ni mama. Nikacheka pia, miwani ikajaa ukungu.

"Mwambie," mama akasema alipopata pumzi, akiwa amegeuka kuangalia jiko, "mwambie apumzike kidogo anywe maji."

Nilipumzika. Nilikichomoa kile kipande cha ganda kwa kijiti, nikaukaza mnyororo uliokuwa umelegea, nikaongeza mafuta yake, ndipo nikairudisha betri. Kutoka hapo sikupiga mluzi tena, na kazi ilinipendeza zaidi. Kila mikono ilipoanza kuwa mizito nilishusha fimbo bila kungoja kuambiwa.

Lilibaki tawi moja. Lilikuwa limetambaa kuelekea kwenye waya wa stima unaoingia nyumbani. Nililipima kwa macho. Ningelifikia.

"Mwambie hilo aliache."

"Ni dogo, mama," nikasema, nikasahau njia yetu. "Nitalikata haraka."

Mama alimwambia binti yake, taratibu, "Mwambie hiyo fimbo ni ya chuma. Mwambie nina mkwe mmoja tu."

Nikaliacha. Mama aliwapigia watu wa stima mwenyewe, siku baada ya siku, kwa sauti ile ya mwalimu anayetaka kujua kazi ya nyumbani iko wapi, mpaka wakaja na gari lao wakazima umeme na kulikata. Mke wangu alinisimulia kwamba mama aliwauliza kama wamekisoma kijitabu chao.

Mchana wa Jumamosi ile tulikula kuku na ugali, mimi sebuleni, mama jikoni, kama kawaida. Matawi tuliyapanga kando ya jiko yakauke kwa kuni. Kabla hatujaondoka, mke wangu alikuja na gunia la parachichi na ujumbe: mama anasema paa limepumua, nimekata vizuri, ila tawi la pili nipake udongo pale palipochunika, leo hii, maana kesho mtu husahau. Nikapapaka kabla ya kuingia garini, huku mama akisimamia kutoka dirishani.

Niliendesha mpaka Kisumu nikiwa najisikia mkulima hodari. Usiku nililala kama gogo. Asubuhi ya Jumapili ndipo nilipojua kwamba kushikilia fimbo juu kwa saa nne si sawa na kufungua mashine ya fotokopi. Mke wangu alinivalisha shati kama anavyomvalisha mtoto. Kanisani mhubiri alituomba wote tuinue mikono tumsifu Mungu. Waumini wakainua. Mimi niliifikisha yangu kwenye kifua, ikagoma hapo. Mzee aliyekaa nyuma yangu akaniinamia akaninong'oneza, "Bwana, kuna shida gani ya imani?"

Mke wangu akaushika mkono wangu wa kulia kwenye kiwiko, akausukuma juu, akaushikilia hapo mpaka wimbo ukaisha. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.